Osuri Juu ya Paa la Marehemu

Wateja wa duka la mama yangu pale Suna wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, yeye hujibu kwamba analipwa kuomba msamaha kwa niaba ya watu wengine. Zamani nilikuwa nikimkatiza. Siku hizi namwacha, kwa sababu ukiondoa maneno makubwa, kazi ya uhusiano mwema ndiyo hiyo. Nimeifanya katika kaunti hizi mbili, Migori na Homa Bay, tangu nilipoacha kusoma habari redioni. Kinachomshangaza mama ni kimoja tu: kwamba katika watu wote, mwenye ulimi kama wangu ndiye anayetumwa kutuliza wenzake.

Yeye ndiye aliyenitumia ile video. Nilikuwa jikoni nachagua mawe kwenye mchele, simu ikalia, na chini ya video mama alikuwa ameandika: hii si ile nyumba yako?

Ilikuwa yenyewe. Nyumba ya mawe iliyoko Kendu Bay, juu kidogo ya barabara inayoteremka ziwani, yenye baraza mbele na paa la pande nne zinazokutana kileleni. Aliijenga mfanyabiashara wa pamba na ngozi, mwenyeji wa hapo hapo, akiwatumia mafundi Waislamu waliokuwa wakijengea matajiri maduka mjini. Alipofariki nyumba ilifungwa, popo wakahamia. Miaka mingi baadaye shirika moja linalotunza majengo ya kale likakubaliana na familia kuikarabati iwe makumbusho ya kijiji. Mimi niliajiriwa kuitangaza. Nilikuwa nimeandaa mambo mazuri mazuri ya kusema kuhusu chokaa na mbao za mvule.

Kwenye video, jamaa wa bodaboda alikuwa amesimama barabarani anapiga picha paa, huku akicheka mpaka simu inatikisika. “Jameni, Kendu Bay kuna mambo! Cheki juu, cheki juu! Osuri imesimama! Dani amepata bwana mupya na hatujaitwa hata chai!” Nyuma yake watu wanaangua kicheko. Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Na dani aliyesemwa ni mjane wa yule mfanyabiashara, mke wake mdogo kabisa, wa mwisho kubaki, ambaye bado anaishi katika nyumba ndogo nyuma ya ile kubwa.

Nikaacha mchele pale pale. Mimi si Mjaluo, baba yangu alikuja huku na robota za vitambaa kutoka Pwani, lakini nimezaliwa Suna na nimekua na watoto wa Kijaluo, kwa hiyo nilijua tayari kwamba hilo si jambo la kucheka. Osuri ni mti uliochongwa ncha, unasimamishwa kileleni mwa paa la mwanamume mwenye boma. Akiwa hai, umesimama. Akifa, unavunjwa, na mpita njia akitazama paa hana haja ya kuuliza. Sasa mwenye boma lile amekufa zamani, kaburi lake liko mbele ya nyumba na saruji yake imeshaota kuvu, na juu ya paa lake kuna osuri mpya inang'aa vanishi. Kwa macho ya kila mtu anayepita, ndani mna mwanamume.

Ilifikaje huko? Ilifika kwa gari langu. Msanifu majengo aliyesimamia mradi alikuwa mtu wa Nairobi, mpole, msomi, mwenye kuheshimu vitu vya kale kuliko watu wengi wanavyoheshimu wazazi wao. Alikuwa na picha moja ya zamani ya nyumba hiyo, ameikuza ikawa kubwa kama mlango, na kila kitu kilichokuwa kwenye picha alitaka kirudi. Vitasa vya madirisha, virudi. Ngazi ya baraza, irudi. Na kileleni mwa paa, kwenye picha, kulikuwa na kitu kimechongoka. Akaniomba, kwa kuwa natoka Migori, nimchukulie kitu alichoagiza kwa seremala wetu wa Suna, yule anayetengeneza vitanda mbele na majeneza nyuma. Nilikipakia kimefungwa gunia, ncha imepita katikati ya viti inanichoma kiwiko kila nikibadili gia, na mimi nikadhani ni mguu wa kitanda cha maonyesho. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza.

Waliopanda juu kuisimamisha walikuwa mafundi wa paa kutoka mbali. Nyumba ilikuwa imezungushiwa wavu wa kijani juu mpaka chini, vibarua wa pale hawakuona kitu. Dani mwenyewe alikuwa Rongo kwa binti yake, ametolewa mtoto wa jicho. Wavu ukashushwa siku ile ile aliyorudi. Basi akaona vizuri kabisa, kwa macho mapya.

Nilimpigia msanifu. Akaniambia tayari ameiona video, na kwamba imemsikitisha, lakini ukweli uko upande wetu. “Madam, andika taarifa,” akasema. “Eleza kwamba kila kitu tumekifanya kulingana na picha. Hatukuongeza wala kupunguza. Hiki kitu ni halisi.”

“Shida si kwamba ni bandia,” nikamwambia. “Shida ni kwamba kinasema uongo.”

“Kitasemaje uongo na picha tunayo?”

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Mwisho wake mimi ni mwajiriwa, nikaandika. Kurasa mbili za heshima: ukarabati umezingatia viwango, paa limerejeshwa katika hali yake halisi, umma unaombwa kupuuza uvumi. Niliposoma tena hilo neno uvumi niliona aibu, nikalifuta, msanifu akalirudisha.

Wallahi, sijawahi kuona maji yakimwagwa kwenye mafuta ya moto namna ile. Kabla ya adhuhuri taarifa yetu ilikuwa imesomwa redioni kwa Kijaluo, na watu wakaanza kupiga simu. Halisi? Basi huyo bwana halisi yuko wapi, atoke tumsalimie. Mama mmoja wa sokoni akauliza kama shirika limelipa mahari. Mwingine akasema amesikia usiku mtu anakohoa mle ndani kwa sauti nzito. Mtangazaji, ambaye nilifanya kazi naye na namjua hana adabu, alicheka hewani mpaka akashindwa kutaja saa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja: kufika jioni hata jina la huyo mume lilikuwa limeshapatikana, mchuuzi mmoja wa samaki, maskini ya Mungu, ambaye alilazimika kuapa mbele ya mkewe.

Kesho yake nikaenda Kendu Bay mwenyewe. Msanifu alitaka tukutane kwanza tupange mkakati. Nikamwambia mkakati utangoja, mimi naenda kumwona mwenye kuumia.

Mlango wa dani ulikuwa umefungwa. Aliyenifungulia ni mwalimu, mtoto wa mke mkubwa, mwalimu mstaafu aliye mkuu wa familia sasa, mtu wa suti ya kijivu hata jua likiwaka. Yeye ndiye aliyekubaliana na shirika. Alikuwa ameiona ile picha kubwa, akaona fahari ya baba yake, na wazo la osuri halikumpita kichwani. “Nilidhani ni pambo tu la makumbusho,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Sasa mama hajala tangu juzi. Na Sabato hii hakwenda kanisani.”

Dani alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mgongo wima, kitambaa cheupe kichwani, ameupa mgongo ule upande wa nyumba kubwa. Mdogo wa mwili, lakini anakaa kama mtu mwenye kesi na ana hakika atashinda. Nilimsalimu kwa Kijaluo changu cha sokoni. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kanisani, nadhani kwa kunihurumia.

“Wewe ndiye mtoto wa redio?”

“Ni mimi, dani. Nimekuja kukupa pole.”

“Pole ya nini? Mimi si bibi arusi? Mtu humpa bibi arusi pongezi.”

Sikujua niweke wapi uso wangu. Mwalimu akatazama dari.

Kisha dani akaniambia, bila kupandisha sauti, na mimi nayaandika kama nilivyoyasikia. Mume wake alipofariki alikuwa bado kijana, ana mtoto mchanga. Ndugu za marehemu wakaja kumrithi, kila mmoja na sababu zake, mmoja na ng'ombe, mmoja na vitisho. Yeye alikuwa ameshakata shauri kwamba hatarithiwa. “Niliwatoa nje mmoja mmoja nikawaonyesha paa. Nikawaambia, hili paa limevuliwa kofia, halitavaa nyingine. Wakanitukana, wakachoka, wakazeeka, nikawazika. Huo ndio utajiri wangu, mtoto wa redio. Sina kingine. Paa bila kitu. Mtu akipita barabarani anajua: kuna mjane pale na hana mtu. Sasa mmepanda juu mmeniozesha.”

“Walifuata picha ya zamani, dani. Walitaka nyumba irudi kama ilivyokuwa.”

“Kama ilivyokuwa lini?”

“Alipokuwa hai.”

“Basi kama mmerudisha nyumba, mrudisheni na yeye.”

Nilisikia hasira, sijui hata dhidi ya nani: msanifu, mtangazaji, lile gunia lililonichoma kiwiko. Nikamwambia inateremshwa leo leo. Nikatoka nje kupiga simu.

Hapo ndipo mwalimu aliponishika mkono wa baibui. Akasema haiwezekani.

“Haiwezekani kivipi? Ngazi si ile pale?”

“Madam, osuri haiondolewi tu kama antena. Ikivunjwa, kifo kimetangazwa. Sasa ukiivunja leo, umetangaza kifo cha nani? Baba alishatangazwa. Mwanamume mkubwa aliyebaki katika boma hili ni mimi.”

Nikamtazama. Mwalimu mzima, amefundisha sayansi maisha yake yote, jasho linamtiririka kwa ajili ya mti. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kwamba mimi na shahada yangu sifagii nyumba magharibi ikiingia kwa sababu mama alinikataza.

Kumbe ndani ya familia waligawanyika tayari. Wapo waliosema iachwe ioze yenyewe. Wapo waliosema ivunjwe liwalo na liwe, lakini hao wote walikuwa wanawake na vijana, na hakuna aliyekuwa tayari kushika shoka. Msanifu alipofika, akiwa amebadilika rangi kwa simu za wafadhili, alikuwa na wazo lake: mafundi waje siku ya Sabato, mji mzima ukiwa kanisani, waitoe kimya kimya. Watu wakirudi wakute paa tupu, na sisi tusiseme lolote. Kelele zitajifia zenyewe.

“Mficha uchi hazai, bwana,” nikamwambia.

“Kwa nini kila kitu lazima ukifanye kigumu?”

“Kwa sababu ukiitoa kwa kuiba, watasema mume ametoroka! Leo dani ameolewa, kesho ameachwa. Utamfanyia mpaka na talaka?”

Tulikuwa barazani, nilikuwa nimesahau kupunguza sauti. Nyuma ya nyumba mlango ukafunguka. Dani alikuja taratibu akishika ukuta, akasimama mbele ya kaburi la mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile wavu uliposhushwa, akainua uso akaitazama ile osuri.

“Imenyooka kuliko ya kwanza,” akasema. “Ya kwanza ilipinda kidogo kwa upande wa ziwa.” Kisha akamgeukia mwalimu. “Wewe unaogopa nini? Nani anakutangaza wewe, na una afya ya punda?”

Mwalimu akasema, mama, mimi nasema tu mila.

“Mila naijua. Mimi siku ile nilikuwa ndani.” Akaonyesha nyumba ndogo. “Mtoto alikuwa na siku chache, mama zenu wakubwa wakanifungia, wakasema mzazi mchanga hatoki kwenye maiti. Nilisikia ikivunjika. Sikuiona. Nilisikia nyinyi wote mnalia, na mimi nikawekewa mkono mdomoni nisiamshe mtoto. Nilipotoka, watu walikuwa wameshamaliza kulia, wanagombania ng'ombe. Mtu wangu hatakufa mara mbili. Ni mimi ambaye sijamlilia. Ivunjwe mchana, nikiona.”

Hata msanifu alikuwa amevua kofia.

Kisha dani akaninyooshea kidole. “Na wewe, kazi yako si kuita watu? Waite. Wale waliocheka, waje walie.”

Nimeandika mialiko mingi maishani, ya mawaziri na ya maaskofu. Ule ndio mfupi kuliko yote. Sikuandika neno halisi, wala viwango, wala umma. Niliandika kwamba tuliweka osuri juu ya paa la marehemu, kwamba tulikosea, kwamba tumemvunjia heshima mjane wake, na kwamba siku fulani asubuhi itashushwa mbele ya kila mtu. Njooni tulie. Msanifu alisoma, akaweka kidole kwenye ile tulikosea. Nikamwambia akitaka kuliondoa hilo, aondoe na jina langu kwenye orodha ya waajiriwa wake. Akatia sahihi. Sikuwahi kumshukuru vya kutosha kwa hilo, kwa sababu wafadhili walimkaanga.

Mtangazaji yule asiye na adabu nilimpigia mimi mwenyewe. Akauliza, ni tamasha la utamaduni? Nikamwambia ni matanga, na akija na kicheko chake nitamtoa nje kwa sikio. Yule wa bodaboda alitafutwa na mwalimu stendi. Alikana kwanza, kisha akakubali, kisha akasema hana nguo nzuri.

Niseme kweli, nilitarajia watu wachache na wengi wao wambeya. Asubuhi hiyo watu walianza kupanda kutoka sokoni mapema, wanawake wa samaki na beseni zao, wazee wa maduka ya mjini wenye kofia, ambao babu zao ndio waliochonga mawe yale, wanawake wa kanisa la dani wamevaa nyeupe. Walisimama kwa makundi, hawajui wacheke au wafanyeje. Kuna mtu alianza mzaha, akatazamwa, akakohoa.

Dani alitoka amevaa gauni jeusi linalonuka dawa ya nondo. Akakataa kiti. Macho yake yakapita katika umati mpaka yakamwona wa bodaboda, amejificha nyuma ya mgomba na ameiweka simu mfukoni kwa heshima.

“Wewe. Njoo mbele. Simu iko wapi?”

“Pole, dani. Sitapiga tena. Naapa.”

“Utapiga. Si unajua kupiga? Ulipiga wakati unacheka usichokijua. Sasa piga hii, na uitume kule kule.”

Akaitoa simu. Akaielekeza tena juu ya paa, safari hii bila kicheko.

Mwalimu ndiye aliyepanda, kwa kuwa ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Alivua koti la suti, akalikunja, akanipa nilishike. Kila kidato cha ngazi nilimsikia akinong'ona zaburi. Pale juu akaikumbatia osuri kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akapiga shoka. Seremala wetu wa Suna hatengenezi vitu vya kuvunjika. Akapiga, akapiga, mpaka mtu mmoja chini akasema pole mwalimu. Kisha ikalia, ikakatika, ikateleza juu ya mabati na kuanguka karibu na kaburi.

Na dani akapiga nduru. Nduru ni ule mlio wa msiba, unaanzia chini tumboni na hauna maneno. Sikujua kwamba mwili mdogo vile unaweza kutoa sauti ya namna ile. Alilia kwa jina la sifa la mumewe, akamwambia mambo ambayo sikuelewa yote, na niliyoelewa si ya kuandika. Wanawake wa kanisa wakapokea, wa samaki wakapokea, ikapanda mpaka barabarani. Yule mtangazaji alikuwa amekaa chini kwenye majani, kipaza sauti amekisahau mapajani. Mimi nilisimama na koti la mwalimu. Kwetu tumefundishwa kuzuia sauti kwenye kifo, nikazuia, lakini koti nililirudisha limelowa begani.

Ile video ya pili ilienda mbali kuliko ya kwanza. Watu waliandika pole, dani. Walioandika upuuzi walinyamazishwa na wenzao kabla sijafungua hata kompyuta. Sabato iliyofuata alikwenda kanisani, na mwalimu aliniambia kwamba mahali pake pa benchi la mbele palikuwa pameachwa wazi, na hakuna aliyethubutu kupakalia. Msanifu aliandikia wafadhili ripoti, akaliita jambo lile mafanikio ya mawasiliano. Ajabu ya Musa! Nilimwambia mafanikio ni ya mwenye kulia.

Kabla ya makumbusho kufunguliwa, waliweka kibao mbele ya baraza. Kilieleza habari zote za mume: pamba, ngozi, mawe, mafundi. Mwishoni niliongeza kwamba paa halina osuri kwa sababu mwenye nyumba alifariki. Dani hakujua kusoma. Akaniomba nimsomee, nikamsomea chote kwa Kijaluo changu kibovu.

“Na mimi?” akasema.

“Dani?”

“Mmeandika aliyekufa mpaka ngozi alizouza. Mimi niko hapa, sipo.”

Kibao kilikuwa cha chuma, kimeshachapwa. Nikarudi kwa seremala wa Suna, akachonga ubao mwembamba wa kufungwa chini yake kwa skrubu, na nikaupakia kwenye gari lile lile. Uliandikwa: Mke wake anaishi hapa. Siku nilipoufunga, dani aliupitishia vidole herufi kwa herufi, akaniomba nimsomee tena, na tena. Baada ya hapo, wageni wakija, alikuwa akikaa karibu na ubao huo kwa makusudi. Wengi walipigwa picha naye. Alikuwa akiwauliza kwanza kama wamesoma mpaka mwisho.

Habari ya kifo chake ilimfikia mama kabla yangu, dukani, katika matangazo ya vifo ya redio. Alifariki usingizini, katika ile nyumba ndogo. Nilikwenda kumzika. Walimlaza kando ya mumewe, na mimi kwa shughuli za siku ile sikuangalia upande wa kibao hata kidogo.

Msanifu ndiye aliyenikumbusha, wiki kadhaa baadaye. Alinipigia kunipa rambirambi, kisha akasema tuuache ule ubao wa Mke wake anaishi hapa. Wageni wanaupenda, unapendeza kwenye picha, na ni namna ya kumweka hai. Nikamwambia ndiyo, uachwe. Wallahi nilisema hivyo, na nilimaanisha. Nilitaka kila anayepita Kendu Bay asome kwamba yupo.

Nikakata simu, nikaendelea kupanga vitambaa na mama. Mkono ukasimama hewani. Mama akauliza nimeona nini. Nikafungua droo yake, nikachukua bisibisi.

Nilimkuta mwalimu barazani na suti yake. Hakuniuliza nimefuata nini. Alikiona nilichoshika, akasimama. Skrubu zilikuwa zimeanza kushika kutu, moja ilinisumbua sana. Ubao ukatoka, ukaacha matundu kwenye chuma. Mwalimu akaupokea, akaugeuza, akaufuta vumbi kwa mkono wa koti.

“Utarudi nao Migori?” akaniuliza.

“Hapana, mwalimu. Uvunje.”

Akauweka gotini, akauvunja. Na mimi, binti wa Suna niliyefundishwa kuzuia sauti, nikafungua mdomo nikapiga nduru, na kutoka nyumba za nyuma wanawake wakapokea.